Nyama na viazi kwenye oveni moja: wapishi wanapotoshwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu mapishi ya nyama ya kuoka na viazi, yale yanayochapwa magazetini na kuzungushwa kwenye simu kila inapokaribia sikukuu. Karibu yote yana sentensi moja: panga nyama na viazi kwenye trei, weka kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 45. Hayasemi ni nyama ya sehemu gani, ina kilo ngapi, ya ng'ombe au ya mbuzi, imechinjwa lini. Hayasemi viazi vikatwe ukubwa gani. Mtu akiyafuata kwa uaminifu hapa Dodoma atatoa nyama isiyotafunika na viazi vyeupe vinavyoelea kwenye maji ya nyama, kisha atadhani yeye ndiye hajui kupika.

Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili havitaki moto mmoja. Kiazi kinataka moto mkali na ukavu. Ndani yake wanga hulainika kwenye nyuzi 60 hadi 70 tu, lakini uso wake haupati rangi ya kahawia mpaka uvuke nyuzi 140 hivi, na uso wenye maji hauvuki nyuzi 100 hata oveni iwe na moto wa namna gani. Nyama, kwa upande wake, ni chanzo cha maji. Kilo mbili zikiokwa mpaka ziive kabisa hupoteza robo ya uzito, pengine zaidi, na sehemu kubwa ya kinachopotea ni maji. Mengine hupanda kama mvuke, mengine hushuka kwenye trei. Viazi vilivyozunguka nyama hiyo vinachemshwa, haviokwi. Ukiongeza moto ili vikauke, nyama inaungua nje na kukaza ndani. Ukipunguza ili kuiokoa nyama, viazi vinabaki vyeupe na kunywa mafuta.

Kwa hiyo muda wa nyama na muda wa viazi vipangwe mbalimbali, hata kama vinatumia oveni moja na vinafika mezani pamoja.

Tuanze na nyama, maana hapo ndipo mapishi ya nje yanapotupotosha zaidi. Mwandishi wa Uingereza au Marekani anazungumzia ng'ombe aliyenoneshwa, aliyechinjwa akiwa mdogo, na nyama iliyotundikwa kwenye chumba cha baridi siku kadhaa. Bucha nyingi za kwetu zinauza nyama iliyochinjwa alfajiri ya siku hiyo hiyo, ya zebu wa asili aliyetembea sana kutafuta malisho na maji, na mwenye mafuta machache katikati ya misuli. Nyama ya ng'ombe ikiwa na saa chache tangu kuchinjwa, misuli yake inakuwa imekaza, na hali hiyo huendelea kwa takriban siku nzima kabla haijaanza kulegea yenyewe. Ukiipika katika saa hizo itakuwa ngumu hata ukitumia viungo vya dunia nzima. Inunue Ijumaa kwa ajili ya Jumapili, iweke kwenye friji, siyo friza, juu ya sahani, bila kuibana kwenye mfuko wa nailoni. Kuikimbiza kwenye friza ikiwa bado ya moto ni kosa kubwa zaidi: misuli inaganda kabla haijamaliza kukaza, na siku ya kuyeyusha inajikunja kwa nguvu na kumwaga maji.

Kisha jua umenunua sehemu gani. Steki na salala hazina mishipa mingi. Hizo zipate nyuzi 220 kwa dakika 20 za mwanzo ili zishike rangi, halafu 170 kwa dakika 20 kwa kila nusu kilo. Kipande cha kilo mbili kitachukua takriban saa moja na dakika 40 kwa jumla. Kwa wengi wetu tusiotaka kuona damu, kitoe joto la katikati likifika nyuzi 65, kifunike, na ndani ya dakika 20 kitapanda chenyewe hadi karibu 70. Ukikiacha ndani ya oveni mpaka 80 kitakuwa kikavu, na hakuna mchuzi utakaokirudisha.

Bega, kidari na mguu wa mbuzi aliyekomaa ni habari nyingine kabisa. Humo kuna utando na kano ambazo kwenye nyuzi 70 bado ni ngumu. Huanza kuyeyuka na kuwa ute laini zikikaa muda mrefu kati ya 80 na 95. Nyama hizi zinataka moto mdogo wa 150 hadi 160, zifunikwe kwa foili na kikombe kimoja cha maji chini, kwa saa mbili hadi tatu. Kipimo hapa si saa. Chomeka uma na uuzungushe: ukizunguka bila kushindana na nyama, imeiva. Ukikataa, funika tena. Anayeoka bega kwa dakika 45 kwenye nyuzi 200 anaitoa pale pale inapokuwa ngumu kuliko wakati wowote mwingine.

Kuku wa kisasa ndiye pekee tunayeweza kusema aingie na viazi bila ugomvi. Mwenye kilo moja na nusu huiva kwa saa moja na dakika 20 hivi kwenye nyuzi 190, na viazi vilivyochemshwa kidogo huingia baada ya nusu saa ya kwanza, kwenye trei yao. Paja lifike nyuzi 74 au zaidi, lipimwe ndani bila kugusa mfupa. Kuku wa kienyeji asichanganywe na huyu. Mchemshe kwanza mpaka akaribie kulainika, ndipo aone oveni kwa ajili ya rangi tu.

Kuhusu oveni zenyewe. Majiko mengi ya nyumbani yana oveni ya umeme yenye koili ya chini na ya juu, na swichi ya kuchagua. Wengi huacha ya chini pekee kwa sababu ndiyo waliyofundishwa kuokea keki. Viazi vikiokwa hivyo vinaungua tumboni na kubaki vyeupe mgongoni. Washa zote mbili, trei ikae katikati. Oveni yenye feni hupika haraka zaidi, kwa hiyo punguza nyuzi 20 kwenye namba zote tunazotaja hapa. Oveni ya gesi yenye moto wa chini tu haitoi rangi nzuri juu. Pandisha trei ya viazi ngazi ya juu kabisa kwa robo saa ya mwisho.

Namba iliyoandikwa kwenye swichi nayo usiiamini sana. Tofauti ya nyuzi 20 au 30 ni jambo la kawaida, hasa jiko likizeeka. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ndiyo dawa, lakini hata sukari inatosha. Sukari nyeupe safi huyeyuka kwenye nyuzi 186. Weka kijiko kimoja juu ya foili, washa oveni kwa 180, ikishashika moto ingiza kwa dakika 15. Isiyeyuke. Pandisha 190, weka sukari nyingine dakika 15. Iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 180, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka kwenye 190, ina moto pungufu. Sukari ile yenye rangi ya udongo haifai kwa jaribio hili.

Na kuna mtego wa Dodoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mtu ananunua kipimajoto cha nyama, anakitumbukiza kwenye maji yanayotokota ili akihakiki, kinasoma 96, anakirudisha dukani akisema ni kibovu. Ni kizima. Kihakiki kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo; hapo kisome sifuri, iwe Dodoma au Dar es Salaam. Sababu hiyo hiyo inafanya viazi vya kuchemsha vichelewe kidogo kwetu kuliko Pwani, ingawa oveni yenyewe haijali mwinuko.

Tukifika kwenye viazi, chagua vya unga. Vingi vinavyouzwa Majengo na kwenye soko la Job Ndugai hutoka nyanda za juu kusini, na muuzaji mzoefu anajua vipi vinapasuka vikichemshwa. Hivyo hivyo ndivyo vya kuoka. Vya maji vinabaki na ngozi ngumu na ndani yenye utelezi. Vilivyokaa juani mpaka vikawa na rangi ya kijani viache, au ukate sehemu hiyo kwa kina. Uchungu wake ni sumu na moto hauiondoi. Usivitunze kwenye friji: baridi inageuza wanga kuwa sukari, na ukioka vinakuwa vyeusi kabla havijaiva.

Kilo moja na nusu inatosha watu sita. Menya, kata vipande vya ukubwa wa yai, vianze kwenye maji ya baridi yenye chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita. Maji yakichemka hesabu dakika 10 hadi 12. Kisu kiingie nusu kidole kwa urahisi, katikati bado pakaze. Mwaga maji yote, viache kwenye sufuria bila mfuniko dakika tano mvuke uishe, kisha funika na utikise sufuria mara nne au tano mpaka kingo zichubuke na kuwa na unga unga. Michubuko hiyo ndiyo inayogeuka ganda kavu. Anayeruka hatua ya kukausha mvuke amejinyima nusu ya matokeo.

Mafuta yanastahili maneno zaidi kwa sababu tunaishi kwenye nchi ya alizeti. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mashine zetu za Dodoma na Singida, yale ya rangi nzito yenye harufu, ni matamu kwenye mchicha na mlenda, lakini hayajasafishwa na huanza kutoa moshi mapema, kabla oveni haijafika popote karibu na nyuzi 200. Viazi vinatoka vichungu na jikoni panajaa moshi. Kwa kazi hii tumia alizeti iliyosafishwa kiwandani, inayovumilia zaidi ya nyuzi 220, au mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa, moto ukiishia kwenye 200. Kipimo ni vijiko vinne hadi vitano vya chakula kwa kilo. Yatangulie ndani ya oveni kwenye trei tupu kwa dakika 10 mpaka yawe ya moto kabisa; kiazi kikigusa mafuta baridi kinayafyonza na kugandia chini. Kwa viazi hivyo vya kilo moja na nusu tumia trei ile kubwa inayokuja na oveni, na kila kipande kiwe na nafasi ya kidole kimoja pembeni. Vikibanana vinatoleana mvuke, na tumerudi kule kule kwenye kuchemsha. Kama trei ni ndogo, punguza viazi.

Nyuzi 220, dakika 40 hadi 45, geuza mara moja baada ya dakika 25. Kugeuza kila dakika tano ni kuchuna ganda kabla halijashika, na kila mlango unapofunguliwa joto linaporomoka.

Hapa tuseme kuhusu ndimu. Wengi wetu hulaza nyama kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, jambo zuri, kisha humwagia viazi mchanganyiko huo huo ili vikolee. Tindikali huzuia kiazi kulainika. Viazi vibichi vilivyolala kwenye ndimu, siki au nyanya vinaweza kukaa saa nzima ndani ya moto na katikati vikabaki vigumu. Ndimu ya viazi ikamuliwe mezani. Kitunguu saumu kilichotwangwa nacho kiingie dakika 10 za mwisho, la sivyo kinaungua na kuacha uchungu. Papai bichi kwa nyama ngumu lina kazi yake: kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokwaruzwa kwa kilo, saa moja tu, kisha lifutwe. Likilala usiku kucha nje panakuwa uji, na ndani hapajaguswa.

Sasa ratiba, kwa mguu wa mbuzi wa kilo mbili na viazi kilo moja na nusu, chakula kikiwa mezani saa saba na robo mchana. Saa 3:00 asubuhi nyama itoke kwenye friji na ipakwe chumvi, vijiko vitatu vya chai. Saa 3:30 washa oveni kwa nyuzi 220. Inahitaji dakika 20 kushika moto, na taa ikizimika mapema usidanganyike, kuta bado ni za baridi. Saa 3:50 nyama iingie bila kufunikwa. Saa 4:10 shusha hadi 160, ongeza kikombe cha maji, funika foili pande zote bila upenyo. Saa 5:30 menya na uchemshe viazi. Saa 6:10 toa nyama, ifanyie jaribio la uma, mwaga mchuzi wote kwenye sufuria ndogo, ifunike na uiweke pembeni. Pandisha oveni 220, ingiza trei ya mafuta. Saa 6:20 viazi viingie. Saa 6:45 geuza. Saa 6:55 nyama irudi ngazi ya chini bila foili ikaushe ngozi. Saa 7:05 vyote nje. Kama mbuzi ni mzee, anza dakika 40 mapema. Nyama iliyotangulia kuiva haidhuriki kusubiri nusu saa chini ya foili na taulo, lakini viazi vilivyotangulia kuiva vinasinyaa ndani ya dakika 10, kwa hiyo wageni wakichelewa, anayechelewa kuingia awe kiazi.

Oveni ya wati 2,000 kwa ratiba hiyo hula karibu uniti 4, maana ikishashika moto koili huwaka na kuzima kwa zamu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue mlango. Oveni iliyokwisha kushika moto hutunza joto kwa muda. Ukikawia zaidi ya saa moja, hamishia nyama kwenye sufuria yenye mfuniko mzito, gesi au mkaa, imalizike huko na mchuzi wake. Isiachwe vuguvugu saa nyingi, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaana haraka.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako wa kurasa za mapishi, ni kwamba mapishi ya oveni yasichapwe bila kutaja sehemu ya nyama, uzito, kipimo cha joto, na kama oveni ina feni. Mapishi mengi yanatafsiriwa kutoka Marekani ambako wanatumia Farenhaiti, na tafsiri inabeba namba kama ilivyo. Nyuzi 350 zao ni 177 zetu, 400 ni 204, na 425 ni 218. Msomaji anayeambiwa "nyuzi 350" anazungusha swichi mpaka mwisho, 250, akidhani jiko lake ndilo dhaifu. Mapishi ya Uingereza nayo huwa na namba za jiko la gesi: namba 4 ni 180, namba 6 ni 200, namba 7 ni 220.

Mchuzi uliomwaga saa 6:10 usisahaulike. Uache utulie, engua mafuta yanayoelea juu, ongeza kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano uliokorogwa kwenye maji ya baridi, chemsha dakika tano huku ukikoroga, onja ndipo uongeze chumvi, maana chumvi ya nyama tayari imo. Uwekwe kwenye bakuli lake. Ukimwagwa juu ya viazi jikoni, vitafika mezani vimelowa.

Wapishi wa hoteli,
Area D, Dodoma